Kuuza Nyumba Wamunyu Bila Broka

Wachongaji wa Wamunyu wanamjua dalali kuliko watu wengi. Tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akiwa na ufundi wa kuchonga vinyago, mji huu mdogo kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui umekuwa ukichonga twiga, vifaru na vijiko vya saladi, kisha ukaviona vitu hivyohivyo kwenye maduka ya watalii Nairobi na Mombasa vikiwa na bei ambayo mchongaji hajawahi kuishika mkononi. Watu wakaunda chama cha ushirika, wakajifunza kuuza wenyewe. Lakini mtu huyohuyo, siku akitaka kuuza nyumba ya matofali yenye ekari mbili na miembe kumi, anamkabidhi kijana mwenye simu tatu aliyekutana naye sokoni juzi.

Broka anafanya kazi gani hasa? Analeta mnunuzi, basi. Hakutengenezei hatimiliki, hakukalishii familia chini, wala hasimami mbele ya bodi ya ardhi kwa niaba yako. Na huku kwetu mnunuzi mara nyingi si mgeni: ni mtoto wa jirani aliyepata kazi Nairobi, mwalimu wa shule iliyo karibu, au muumini mwenzako aliyestaafu na anatafuta mahali pa kufuga kuku. Sehemu ngumu ya kuuza nyumba ni yako hata ukiwa na broka watano. Ukishaimaliza hiyo, iliyobaki unaiweza.

1. Anza na karatasi kabla ya kununua rangi

Toa hatimiliki kwenye sanduku la bati, ifungue ile karatasi ya nailoni, usome jina lililoandikwa. Si jina unalolidhania, ni lile lililoandikwa. Nyumba nyingi za vijijini Ukambani zimejengwa na wana juu ya shamba ambalo hatimiliki yake bado ni ya babu aliyezikwa zamani. Umejenga, umechimba choo, umevuta stima, umelea watoto sita hapo, lakini kisheria huna cha kuuza.

Kama mwenye jina amefariki, njia ni moja tu: kesi ya urithi mahakamani. Sheria ya Urithi, Sura 160, hairuhusu ardhi ya marehemu iuzwe kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa na mahakama, na kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai. Utaanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, uende mahakamani, tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, wenye pingamizi wapewe siku 30, kisha usubiri uthibitisho. Kwa kawaida uthibitisho huombwa miezi sita ikishapita. Warithi wote maana yake ni wote, pamoja na dada zako walioolewa Kitui na Makueni. Katiba ya 2010 haimbagui binti, na mahakama zimekuwa zikiwarudisha mabinti kwenye orodha pale kaka zao walipowasahau kwa makusudi.

Broka atakwambia hiyo itasuluhishwa baadaye: “Mzee, wewe chukua pesa ya mbele, karatasi zitafuata.” Hazifuati. Kinachofuata ni mnunuzi kukudai pesa ambazo umeshazilipia karo.

2. Fanya sachi ya shamba lako mwenyewe

Wanunuzi ndio hufanya sachi, nawe ufanye kabla yao. Ombi la utafutaji rasmi kwenye rejista ya ardhi lina ada ndogo, na jibu litakuonyesha jina la mwenye shamba, ukubwa wake, na kama kuna kizuizi chochote. Watu hushtuka. Kuna mkopo wa benki uliolipwa zamani lakini rehani haikufutwa. Kuna tahadhari iliyowekwa na ndugu mliyekosana naye kwenye mazishi. Afadhali uyakute hayo peke yako, ukiwa na muda wa kuyatatua, kuliko mnunuzi ayakute akiwa na wakili kando yake.

3. Kalisha familia chini, kisha kalisha tena

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila idhini ya mume na mke wote wawili, hata kama hatimiliki ina jina moja. Wakili atataka idhini hiyo kwa maandishi. Kama kuna mke wa pili, naye ana sauti, na kumficha ni kujitafutia kesi.

Mbali na sheria kuna ukoo, mbai kama tunavyouita. Wazee wa mbai hawana muhuri, lakini mnunuzi mwenye akili atapita kwao kuuliza kabla hajakupigia simu tena. Wakisema “hata sisi tunashangaa kusikia,” umeshampoteza. Waambie mapema, tena uso kwa uso. Jirani wa mpakani mpe nafasi ya kwanza ya kununua. Hakuna sheria inayokulazimisha, ila mara nyingi ndiye atakayelipa vizuri kuliko wote, kwa sababu amekuwa akiitamani hiyo nusu ekari ya mtoni miaka yote.

4. Sema ukweli kuhusu makaburi

Hapa ndipo mauzo mengi ya vijijini hukwama, na ni ajabu jinsi watu wanavyolizunguka jambo hili. Kama baba yako amezikwa nyuma ya jikoni, mnunuzi lazima ajue siku ya kwanza. Mna njia mbili za maana. Ya kwanza ni kukata kipande cha makaburi kibaki cha familia, chenye njia ya kuingilia, na hilo linahitaji mpima ardhi na idhini ya bodi ya kugawa shamba. Ya pili ni kuuza pamoja na makaburi na kuandika kwenye mkataba kwamba familia itaruhusiwa kuyatembelea na kuyatunza. Kuhamisha mwili ni jambo zito linalohitaji kibali cha serikali. Usimwahidi mnunuzi kwamba vijana watalimaliza kwa wikendi.

Kuna wanunuzi watakaoondoka wakisikia. Waache waende. Wangeondoka tu baadaye, na kwa ghadhabu.

5. Jua unachouza ni kiasi gani

Hatimiliki inataja hekta, watu wanaongea ekari, na katikati ya hizo mbili ndipo kelele huzaliwa. Hekta 1 ni kama ekari 2.47. Shamba lenye hekta 0.8 kwenye karatasi ni karibu ekari mbili, si “tatu hivi.” Ploti ya futi 50 kwa 100 ni karibu thumuni ya ekari.

Tembea mpaka wote na jirani. Kama mstari wa mkonge umesogea, au jiwe la mpaka limezikwa na trekta, mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa airudishe mipaka kabla ya kutangaza. Ukiuza sehemu tu ya shamba, itabidi ligawanywe rasmi na sehemu hiyo ipate namba yake.

Ploti za sokoni ni habari nyingine. Nyingi hazina hatimiliki, bali barua ya ugavi na jina kwenye rejista ya kaunti. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Torino Enterprises, ilisema wazi kwamba barua ya ugavi peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi. Kama ndicho unachouza, kiite hivyo hivyo, na uhamisho upitie ofisi ya kaunti. Usiiite hatimiliki.

6. Weka bei yako, na uilinde dhidi ya “ya juu”

Ujanja mkubwa wa broka wa mashambani si ile kamisheni anayoitaja. Ni maneno haya: “Mama, wewe sema bei yako tu, ya juu ni yangu.” Mama anasema laki tisa, mnunuzi anaambiwa milioni moja na nusu, na pande mbili hazikutanishwi hadi siku ya kutia sahihi. Mwishowe mnunuzi anajiona ametozwa, muuzaji anajiona ameibiwa, na wote wawili wako sahihi.

Bei ya kweli utaipata kwa kuuliza watatu au wanne waliouza hivi karibuni, wala si wale wanaotaka kuuza. Aliyeuza anajua alicholipwa. Anayetaka kuuza anajua ndoto yake. Nyumba yenyewe, hasa ikiwa imegharimu pesa nyingi, ni vizuri ipimwe na mthamini aliyesajiliwa. Jiandae kisaikolojia: gharama uliyotumia kujenga hairudi yote. Vigae ulivyobeba kutoka Nairobi havimsisimui mtu anayetafuta maji.

7. Maji kwanza, mengine baadaye

Mtu akija kuona nyumba Wamunyu, kabla hajaangalia paa atauliza maji yanatoka wapi. Basi tengeneza hapo. Mifereji ya paa iwe mizima, tangi lisivuje, na kama una kisima, uwe na jibu la Septemba, si la Desemba pekee. Rangi mpya kwenye nyumba yenye tangi lililopasuka haimdanganyi Mkamba yeyote aliyewahi kubeba mtungi.

Picha zipige mvua ya vuli ikishanyesha, Novemba au mapema Desemba, ndengu zikiwa za kijani na miembe imebeba. Ni haki yako. Hata bibi harusi hupigwa picha akiwa amepambwa. Desemba pia ndipo watoto wa kwetu wanarudi kutoka Nairobi, Mombasa na Ughaibuni wakiwa na bonasi na hamu ya nyumbani. Pasaka ni nafasi ya pili. Januari usihangaike, pesa zote ziko shuleni.

8. Tangaza kwa watu wako kwanza

Chama, kanisa, kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi wa zamani, jirani mwenye ndugu Doha. Kisha redio: tangazo fupi kwa Kikamba kwenye Musyi FM au Mbaitu FM huwafikia walio mbali na nyumbani kuliko bango lolote. Mitandao kama Jiji na makundi ya Facebook inafaa pia, ila ndiko broka hukaa wakisubiri. Andika waziwazi: mwenyewe anauza, broka wasipige. Watapiga. Wajibu kwa upole na ukate.

Kibao kando ya barabara kinasaidia, japo katika Kenya hii tumezoea zaidi kuona kuta zilizoandikwa “Hii ploti haiuzwi” kwa rangi nyekundu. Ndiyo hali ya biashara ya ardhi ilivyo: anayeuza kihalali naye lazima athibitishe kwamba yeye si tapeli. Kwa hiyo tangazo lako litaje mambo yanayoweza kukaguliwa: ukubwa, aina ya karatasi, umbali kutoka lami, maji, stima, bei. Tangazo lisilo na bei huvutia wenye muda mwingi wa kuzungumza.

9. Usiigawe hatimiliki kama kadi ya harusi

Kopi ya hatimiliki anapewa mtu aliyefika, akaona nyumba, akaonyesha kitambulisho chake. Mwingine atasubiri. Picha ya hatimiliki nzima ikiwa kwenye makundi ya WhatsApp, kesho kuna mtu mjini anauza shamba lako kwa watu usiowajua. Ile halisi haitoki mikononi mwako isipokuwa kwenda kwa wakili, na wakili akupe hati ya kuipokea.

Mnunuzi akija na “rafiki” anayeongea kuliko yeye, uliza mapema: huyu ni nani, na analipwa na nani? Na akijitambulisha kama wakala, muulize namba yake ya usajili. Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura 533, inataka kila anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa. Utaona jinsi mazungumzo yanavyogeuka kuwa ya mvua na bei ya mahindi.

10. Broka muache, wakili usimwache

Watu wakisikia “bila ajenti” hudhani ni bila mtu yeyote. Hapana. Mkataba wa ardhi Kenya lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi aliyekuwepo. Hivyo ndivyo Sheria ya Mikataba inavyosema. Karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa chifu ikiwa na alama za vidole vya wazee ina heshima yake, lakini haihamishi shamba. Na kutayarisha hati za uhamisho kwa malipo ni kazi ya wakili kisheria, si ya karani aliye nje ya ofisi ya ardhi na taipureta yake.

Kila upande uwe na wakili wake. Ada zao zina viwango vya kisheria, kwa hiyo uliza kabla ya kukaa kitini. Hakikisha mkataba unataja mambo haya: namba ya shamba, bei, amana (desturi ni asilimia 10), siku ya kumaliza malipo (siku 90 ndiyo kawaida), na nini kitatokea mmoja akijitoa. Kwenye hilo la mwisho usiwe na haya. Watu wetu huona kulitaja ni kama kuombea ndoa ivunjike.

11. Bodi ya ardhi haina njia ya mkato

Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa, la sivyo mkataba wenyewe unakuwa batili. Bodi yetu, ya kaunti ndogo ya Mwala, huongozwa na naibu kamishna wa kaunti au anayemwakilisha, na bodi kama hizi kwa kawaida hukutana mara moja kwa mwezi, kwa hiyo ukikosa kikao umepoteza mwezi mzima. Nenda na mke wako au mume wako, na watoto waliokomaa. Watawauliza mbele yako kama wanajua nyumba inauzwa na mtahamia wapi. Kijana wa miaka 22 anayenung’unika kwenye benchi anaweza kusimamisha kila kitu, ndiyo maana kidokezo cha tatu kilikuja kabla ya hiki.

12. Pesa zipite mahali panapoacha alama

Noti kwenye mfuko wa karatasi ni hatari kwenu wote. M-Pesa inafaa kwa amana ndogo tu: muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Kiasi kikubwa kipite benki kwa benki. Hundi ya zaidi ya shilingi milioni 1 mfumo wa benki hauikubali. Ujumbe wa simu unaosema pesa zimeingia si pesa. Piga simu benki yako, kwa namba unayoijua wewe, uulize salio.

Hati ya uhamisho iliyotiwa sahihi na hatimiliki halisi ziende kwa wakili wa mnunuzi tu baada ya salio kulipwa, au baada ya wakili huyo kutoa ahadi ya kitaaluma ya maandishi kwamba atalipa. Hiyo ahadi ina meno: wakili akiivunja anaweza kushtakiwa.

13. Ushuru: nani analipa nini

Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na 4 kwa ile ya manispaa. Mwambie mapema, kwa sababu akigundua mwishoni atarudi kukuomba upunguze bei.

Wako wewe ni ushuru wa faida ya mtaji, uliopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mnamo Januari 2023. Usiogope kabla ya kusoma misamaha: nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza imesamehewa, vilevile ardhi inayouzwa kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3, na shamba la kilimo chini ya ekari 50 lililo nje ya mji. Wauzaji wengi wa Wamunyu wataingia kwenye moja ya hizo. Ila msamaha haujiandiki wenyewe. Wakili au mhasibu aujaze kwenye mfumo wa KRA, na uhifadhi karatasi.

14. Siku ya kukabidhi

Maliza bili ya stima, andika namba ya mita na kiasi cha tokeni kilichobaki, na upige picha. Kabidhi funguo zote, na ile ya geti la nyuma ambayo kila mtu huisahau. Orodhesheni kinachobaki: tangi, mabati yaliyolazwa nyuma ya zizi, pampu, mizinga ya nyuki. Mbuzi ni wako, hilo halina utata, ila maembe yana utata mkubwa. Kama mnauziana Novemba na miti imebeba, andikeni kwenye mkataba nani anavuna msimu huu, na kama ni wewe, hadi tarehe gani.